Sifuri Iliyojaa

Miaka michache iliyopita nilisimamia tasnifu ya uzamili ya mwanafunzi aliyechunguza namna halmashauri moja inavyoshughulikia malalamiko ya wananchi kuhusu maji. Jedwali lake lilipendeza. Kata karibu zote zilifuata mwelekeo mmoja: palipokuwa na visima vingi vilivyoharibika, malalamiko yaliongezeka, palipokuwa na vichache, yalipungua. Kata moja tu ilivuruga mpangilio. Ilikuwa na visima vibovu kuliko kata zote, na kwa robo tatu mfululizo safu yake ya malalamiko ilisomeka 0. Nilimshauri aiondoe. Nilimwambia kwamba kata ile ilikuwa imejitenga mno na zenzake, na kwamba kuiacha nje kusingebadilisha hitimisho.

Kwa bahati njema, hakunitii. Alipanda basi hadi ofisi ya kata ile, akaomba kuona daftari la malalamiko. Lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma, na pembezoni mwa kurasa pia. Daftari jipya lilikuwa limeombwa, halijaletwa. Kwa kuwa hapakuwa na pa kuandika, hakuna lalamiko lililoandikwa. Na kwa kuwa hakuna lililoandikwa, karani alijaza sifuri katika taarifa ya robo mwaka. Sifuri hiyo ikapanda ngazi, ofisi baada ya ofisi, hadi mahali iliposomwa kuwa ushahidi wa wananchi walioridhika.

Mimi si mwanafizikia. Hata hivyo, tangu siku ile nimekuwa nikisoma kwa hamu habari za vyombo vinavyotumwa kuchunguza sumaku za sayari na hewa ya miezi yao, kwa sababu ndimo nilimolikuta tena daftari lile, katika umbo jingine, tena likipokewa na watu waliojua la kufanya nalo. Naomba msomaji anivumilie nimpeleke mbali kabla sijamrudisha ofisini kwake.

Tuanze na mwaka 1958. Januari 31 mwaka huo Marekani ilirusha setilaiti yake ya kwanza, Explorer 1. Ndani yake James Van Allen wa Chuo Kikuu cha Iowa na wenzake walikuwa wameweka kihesabio cha mnururisho, ili kijue ni chembe ngapi kutoka anga za mbali zinazoifikia Dunia. Setilaiti ilipokuwa chini, hesabu zilikuja kama zilivyotarajiwa. Ilipopanda juu zaidi, zipo nyakati kihesabio kilinyamaza kabisa. Sifuri. Mtu mwepesi wa kuridhika angeandika kwamba huko juu hakuna chembe, au kwamba kifaa kimekufa, akafunga faili.

Wao walijiuliza swali la tatu: je, kama chembe ni nyingi mno? Kihesabio cha aina ile, kila kinapohesabu chembe moja, huhitaji muda mfupi sana kujirudi kabla ya kuhesabu nyingine. Zikija kwa wingi kupita kiasi hakipati nafasi ya kujirudi, nacho hunyamaza. Wakakiweka kifaa cha aina hiyo mbele ya mnururisho mkali maabarani, nacho kikanyamaza vilevile. Mwezi Machi Explorer 3 ilipopaa ikiwa na kinasa kumbukumbu, picha ilikamilika: hesabu hupanda, hupanda sana, huanguka hadi sifuri, kisha hurudi zilikotoka kwa njia ileile. Sifuri ile ilikuwa imejaa. Hivyo ndivyo ilivyogunduliwa mikanda ya mnururisho inayoizunguka Dunia, ambayo leo inaitwa kwa jina la Van Allen.

Mikanda hiyo imo ndani ya kitu ambacho wanasayansi hukiita magnetosfia. Jua halitoi mwanga na joto tu. Hutoa pia upepo wa chembe zenye umeme ambao huvuma bila kukoma. Dunia ina sumaku yake, na sumaku hiyo huupinga upepo huo kama jabali linavyoupinga mkondo wa mto: maji hugawanyika mbele ya jabali, hupita pembeni, na nyuma yake hubaki mkia mrefu wa maji yaliyotulia kidogo. Eneo lile ambamo sumaku ya sayari ndiyo inayotawala ndilo magnetosfia. Dunia inayo, Mshtarii inayo kubwa kuliko sayari zote, na Zohali inayo pia. Halionekani kwa jicho wala kwa darubini ya kawaida. Ili kulijua, sharti upeleke kifaa kipite ndani yake na kuandika, hatua kwa hatua, nguvu ya sumaku na upande inakoelekea.

Ndiyo kazi iliyofanywa na Cassini. Chombo hicho, kilichotokana na ushirikiano wa Marekani, Shirika la Anga la Ulaya na Italia, kilirushwa Oktoba 15, 1997, kikafika Zohali mwaka 2004. Kilibeba vifaa 12, mbali na chombo kidogo cha Huygens kilichotua katika mwezi wa Titan mwezi Januari 2005. Kila kifaa kilikuwa na timu yake, na kila timu ilitaka chombo kielekezwe kwa faida yake. Ratiba ya kukipitisha hapa na pale ilipangwa miaka mingi kabla, na kila kilo ya mafuta ilikuwa na kazi yake. Wanaofanya kazi serikalini wanaijua hali hiyo bila kuelezwa: kila idara ina haki yake, na mpango ukishapitishwa, kuugusa ni kugusa maslahi ya watu.

Februari 17, 2005, Cassini ilipita karibu na Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi, uliofunikwa na barafu nyeupe kupindukia. Umbali ulikuwa kilomita 1,264. Timu ya kifaa cha kupima sumaku iliongozwa na Michele Dougherty wa Imperial College, London, mwanamke aliyelelewa Afrika Kusini na kupata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Natal. Timu hiyo iliona jambo dogo lisilo la kawaida. Uga wa sumaku wa Zohali, ambao huzunguka pamoja na sayari hiyo kwa kasi na kuupita mwezi huo kama mkondo unavyoupita mguu wa gati, ulikuwa umepinda. Ulipinda kana kwamba mkondo ulikuwa umekutana na kizuizi kikubwa kuliko mwezi wenyewe.

Barafu peke yake haiwezi kufanya hivyo. Lakini mwezi wenye hewa unaweza, kwa sababu sehemu ya hewa hugeuka kuwa chembe zenye umeme, na chembe hizo ndizo zinazousukuma uga wa sumaku pembeni. Tatizo ni kwamba mwezi mdogo namna ile hauna mvuto wa kushikilia hewa. Kama hewa ipo leo, basi kuna mahali inapotoka leo. Tena ulikuwapo ushahidi wa kuupinga ushahidi huo: wakati huohuo kifaa kingine cha Cassini kilikuwa kimeitazama nyota moja ikifichwa na Enceladus, na mwanga wa nyota haukufifia polepole kama unavyofifia ukipita katika hewa. Ulikatika ghafla. Kwa kifaa hicho, hewa haikuwapo.

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji asimame nami kidogo. Taarifa mbili, kutoka vifaa viwili vinavyoaminika, zinagongana. Moja inalingana na kila kinachojulikana, nayo haihitaji mtu yeyote abadili ratiba. Ya pili inakwenda kinyume, na gharama yake ni kubwa. Katika ofisi ngapi tunazozijua hii ya pili ingefika mezani kwa mkuu?

Timu ya sumaku haikukimbilia kutangaza. Ilisubiri Machi 9, Cassini ilipopita tena kwa umbali wa kilomita 500 hivi. Mpindo ukaonekana tena. Ndipo walipokwenda kwa wasimamizi wa safari na ombi lisilo la kawaida: safari ya Julai 14, ambayo ilipangwa kupita kilomita 1,000 kutoka kwenye mwezi huo, ishushwe hadi kilomita 173. Wakasikilizwa. Njia ya chombo kilicho mbali kiasi kwamba amri kutoka duniani hukifikia baada ya zaidi ya saa moja ikabadilishwa kwa sababu ya mchirizi uliopinda katika grafu.

Matokeo ya Julai 14 yanafahamika. Ncha ya kusini ya Enceladus, ambayo kwa hesabu za kawaida ilipaswa kuwa miongoni mwa sehemu zake za baridi zaidi, ilikutwa na joto kuliko ikweta yake. Ilikuwa na nyufa nne ndefu, kila moja ya kilomita 130 hivi, zikienda sambamba. Vifaa vya kunusa gesi na kuhesabu vumbi vilipita katika mvuke wa maji na punje za barafu. Kifaa kilichotazama nyota mwezi Februari kiliitazama nyingine, safari hii ikifichwa karibu na ncha ya kusini, na mara hii mwanga ulififia polepole. Kumbe vifaa vyote viwili vilisema kweli tangu mwanzo. Hewa ipo, lakini imekusanyika upande mmoja. Aliyetazama ikweta hakuona kitu kwa sababu hapo hapakuwa na kitu. Mwezi Novemba kamera zikaipiga picha michirizi ya mvuke na barafu ikiruka angani, ikimulikwa na jua kutoka nyuma.

Tangu hapo ratiba nzima ya Cassini ilipinda kuuelekea mwezi huo. Chombo kiliupita kwa ukaribu zaidi ya mara 20, na mwezi Oktoba 2015 kilipenya katikati ya mvuke ule kikiwa kilomita 49 tu juu ya barafu. Tumejua kwamba chini ya barafu ipo bahari ya maji ya chumvi inayouzunguka mwezi wote, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba mvuke wake una haidrojeni, ishara kwamba maji ya moto yanakutana na miamba huko chini. Leo Enceladus ni miongoni mwa mahali pa kwanza panapotajwa watu wanapouliza kama uhai unaweza kuwako nje ya Dunia. Kwa ajili hiyo, mafuta ya Cassini yalipokaribia kwisha, wahandisi walikiteketeza katika anga ya Zohali, Septemba 15, 2017, kisije kikaanguka katika miezi hiyo na kuichafua kwa vijidudu vya duniani. Dougherty naye aliteuliwa mwaka 2025 kuwa Mwanafalaki wa Kifalme wa Uingereza, mwanamke wa kwanza kuushika wadhifa huo ulioanzishwa mwaka 1675.

Kisa cha mwisho ni cha Mshtarii. Chombo cha Galileo kiliichunguza sayari hiyo kuanzia 1995 hadi 2003, antena yake kuu ikiwa imekataa kufunguka, hivyo kila data iliyofika duniani ilifika kwa tabu kupitia antena ndogo. Desemba 16, 1997, Galileo kilipita karibu na mwezi wa Europa, na kwa muda wa dakika chache uga wa sumaku ulifanya kinundu. Hakuna aliyejua maana yake. Hakikufutwa. Kilihifadhiwa pamoja na data nyingine katika hazina ya umma ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua bila malipo. Miaka 20 baadaye, darubini ya Hubble ilipokuwa imetoa dalili kwamba huenda Europa nayo hutoa mvuke, Xianzhe Jia wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake waliirudia data ile ya zamani. Mwaka 2018 walionyesha kwamba kinundu hicho kinalingana na kile ambacho kingetokea chombo kikipita katika mvuke. Jambo hilo bado linajadiliwa, na chombo cha Europa Clipper kilichorushwa Oktoba 2024 kiko njiani kwenda kulichunguza. Lakini mjadala wenyewe umewezekana kwa sababu mwaka 1997 hakuna aliyeona aibu kuhifadhi asichokielewa. Wahenga walisema akiba haiozi.

Nimekwisha kusikia pingamizi la wanafunzi wangu: hayo ni mambo ya mataifa tajiri, sisi tuna visima vya kutengeneza. Nakubali kuhusu visima. Siombi roketi. Nasema tu kwamba kilichoifikisha Cassini kwenye bahari ile hakikuwa fedha peke yake. Fedha ziliinunua safari ya kilomita 1,000. Safari ya kilomita 173 ilinunuliwa na tabia: tabia ya mtu wa chini kuruhusiwa kusema kwamba kipimo hiki hakilingani na mpango, na tabia ya mtu wa juu kuuliza "kwa nini?" kabla ya kuuliza "nani kakuruhusu?" Tabia hiyo haihitaji fungu la fedha katika bajeti. Wala hatuwezi kusingizia umaskini tunapoikosa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Si kila kipimo cha ajabu ni ugunduzi. Vingi ni makosa ya kifaa au ya karani. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana nimesimulia habari za mwezi Machi. Timu ile haikudai iaminiwe kwa mpindo mmoja. Ilirudia kipimo, ikatafuta sababu, ndipo ikaomba. Kukiheshimu kipimo kinachokataa kutii hakumaanishi kukiamini upesi. Kunamaanisha kutokiondoa kabla ya kukiuliza. Kosa likithibitika, liandikwe kuwa kosa, pamoja na sababu yake, maana kosa lililoandikwa nalo ni maarifa. Kinachotuangamiza ni kipimo kinachotoweka kimyakimya kati ya dawati moja na jingine, kwa kuwa kila anayekipokea anajua mkuu wake anapenda kusoma nini.

Sisi wa vyuo vikuu tusijitoe katika lawama hii. Tunawafundisha vijana kwamba grafu nzuri ni ile iliyonyooka. Tunawapa alama kwa matokeo yanayothibitisha dhana zao, na tunashangaa wanapoingia katika utumishi wa umma wakiwa mafundi wa kunyoosha takwimu. Karani wa kata ile hakudanganya. Fomu ilimuuliza idadi ya malalamiko yaliyoandikwa. Haikuwa na mahali pa kueleza kwamba daftari limejaa. Aliyeibuni fomu ile, bila shaka, alisoma mahali fulani, akafundishwa na mtu kama mimi.

Kwa wanaharakati nina neno moja pia. Kifaa kilichotazama ikweta ya Enceladus hakikuwa kibaraka wa mtu. Kilisema kweli kuhusu mahali kilipotazama. Mara nyingi afisa anayesema "hakuna tatizo" anasema kweli kuhusu mahali alipopelekwa: barabara ya lami, kisima cha karibu na ofisi, shule iliyopakwa rangi kabla ya ugeni. Kumwita mwongo hakutamshawishi. Kumwonyesha ncha ya kusini kunaweza.

Tasnifu ya mwanafunzi wangu ilikuja kuwa na sura moja zaidi, kuhusu kata ile peke yake, nayo ndiyo iliyosomwa na kujadiliwa kuliko nyingine zote. Jedwali lake la mwisho halikunyooka. Mimi nilibaki na mazoea mapya: mwanafunzi akiniletea matokeo yasiyo na doa, swali langu la kwanza ni "Umeondoa nini?" Nawe, ndugu yangu mtumishi wa umma unayejaza taarifa ya robo mwaka usiku huu, daftari likijaa, andika kwamba limejaa.